Kesi ya Mchanga wa Jipe

Watu wa Mboghoni husema Jipe ni ziwa la wazee. Asubuhi linaamka polepole, mchana likishikwa na upepo linanung'unika, jioni linalala mapema. Lakini mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa, hilo ziwa la wazee lilianza kumtembelea Tryphena, na lilimtembelea kama yule mgeni asiyejua kuaga, kila akija anasogeza kiti chake karibu na chungu.

Tryphena alikuwa mjane wa Stephen mvuvi. Nyumba yao ilisimama ufuoni, juu ya mchanga. Marehemu aliijenga mlango ukitazama barabara na mgongo ukitazama maji, kwa sababu alisema samaki anaowaona kazini wanamtosha, hana haja ya kuwaona tena akiwa anakula. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko, nyuma ya jiko palikuwa na mchanga, na baada ya mchanga ndiyo maji. Zamani mchanga huo ulikuwa mpana, vijana wakicheza mpira hapo na hakuna aliyelowa. Sasa kuku wa Tryphena akishtuliwa na mwewe alikuwa anakimbia kidogo tu, halafu anaogelea.

Kabla ya masika, mwanawe Josephat alikuja na gari moshi kutoka Voi. Josephat alikuwa karani wa mizigo kwenye reli, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na sauti ya kutangaza. Alikuja na mwenzake wa kazini, Owino, Mjaluo wa Kavirondo, nyapara wa gengi la kutengeneza njia ya reli. Josephat alizunguka nyuma ya jiko, akatazama maji, akatazama jiko, akavua kofia kama aliyefika matangani.

"Mama, haya maji yatakuingilia ndani."

"Yatabisha hodi kwanza."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Kaa ule."

Josephat akakaa, akala, na huku anakula akasema lile alilolijia. Mama ahame. Mama aende Voi akakae nao. Mable amekubali, tena amefurahi, ameshafua na pazia.

Pazia hilo Tryphena alilijua. Alishakaa Voi wakati mjukuu wake alipozaliwa, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kilichokatwa katikati na pazia la maua. Upande huu Josephat, Mable na watoto; upande ule Tryphena na gunia la mahindi. Josephat akilala alikoroma kama gari la mizigo linalopanda mlima wa Maungu, na gari la mizigo lenyewe likipita nje lilikuwa linamjibu. Hayo angeyavumilia. Lililomshinda ni wema wa Mable. Akiinuka kuchota maji, Mable ameshayachota. Akishika mwiko, Mable anautoa mkononi taratibu, "Pumzika mama, pumzika," mpaka Tryphena alipumzika akachoka. Mwanamke aliyenyang'anywa mwiko, akiwa na miguu yake na macho yake, hana tofauti na mgeni wa kilioni: anangoja sahani na kusema asante. Tryphena hakutaka kumalizia uzee wake akisema asante.

"Josephat," akasema, "masika yakija si utajua? Wewe rudi masika yakiisha. Ukikuta maji yamefika jikoni, nitafunga mzigo wangu, nakufuata, na njiani hutasikia neno. Ukikuta hayajafika, habari ya Voi usiniletee tena, hata kwa salamu."

Josephat akatazama tena kile kipande cha mchanga, kilikuwa kama ulimi wa ng'ombe. Akaona huu ni mkataba mwepesi. "Nimekubali, mama. Lakini sitakuacha hivihivi. Owino atakujengea ukuta."

Owino akajipiga kifua. "Mama, mimi nimezaliwa na ziwa mlangoni. Ziwa letu ni bahari. Hili lenu ni sufuria. Mimi naongea na maji, yanasikia."

Basi wakanunua magunia ya zamani pale Taveta, wakanyoosha kamba toka kwenye jiko mpaka kwenye mti, wakapima, wakasimamisha vijiti, wakapiga kelele zile za watu wa reli za kuitana, "Leta huku, rudisha kidogo, hapo." Majirani wakatoka kutazama. Wakajaza magunia mchanga, wakayapanga, mpaka ukasimama ukuta wa kufika kiunoni. Owino akaupiga kofi.

"Huu, mama, hata injini inapita juu."

"Owino mwanangu, mchanga huu mmeutoa wapi?"

"Hapo tu mama, karibu. Hatukutaka kubeba mbali."

"Na hilo shimo?"

Owino akaligeukia. Lilikuwa shimo zuri, limekaa kati ya ukuta na jiko. "Shimo litajaa lenyewe," akasema.

Na kweli likajaa lenyewe. Gari moshi lilipoondoka Taveta na Josephat na Owino ndani yake, maji yalikuwa yameshapenyeza chini ya magunia yakatulia shimoni, na Tryphena akawa ana maziwa mawili, kubwa nyuma ya ukuta, dogo mbele yake.

Ukuta haukukaa. Kulikuwa na kiboko mmoja mzee aliyekuwa na njia yake hapo ya kwendea malishoni, na kiboko ni mtu wa mazoea. Alipokuta magunia hakuzunguka. Alipanda, tumbo likakwama, akapumzika kwanza kama aliyetandikiwa, kisha akaendelea na safari. Asubuhi Tryphena alikuta ukuta umelala kama godoro la mgonjwa, magunia yamepasuka, mchanga umeshaanza kwenda zake na mawimbi. Akachukua kigoda chake akakaa. Tryphena hakuwa mtu wa kulia jambo likiwa bado linatazamika.

Akatazama upande wa kushoto. Kule kwenye ghuba ndogo, ambako viboko wakali huzalia, watu hawakuwa wakikata matete, kwa sababu kila mtu anaipenda miguu yake. Matete ya huko yalikuwa yamesimama majini kama watu kanisani. Mawimbi yakija yamekasirika yalikuwa yanaingia kwenye matete, yanazungushwazungushwa, yanatokea upande wa pili yamesahau yalichokuja kufanya. Nyuma ya matete palikuwa na ukoka umetambaa umeshika mchanga kwa vidole vyake, na mchanga ulikuwa mwingi, umeinuka mgongo.

Akatazama mbele yake. Hapa matete yalikatwa yote kwa mapaa na mikeka, na yeye Tryphena mikeka yake ilikuwa inasifiwa mpaka Njukini. Ukoka ulikuwa umeliwa na mbuzi mpaka mizizi. Mchanga ulikuwa uchi, kila upepo uliopita uliuchota kidogo, kila wimbi liliongeza mkono.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema. "Ni nyumba isiyo na watu. Kila mwizi anaingia."

Akaanza na matete. Akang'oa mashina pale yalipo mengi, mbali na viboko, akayapanda majini mbele ya jiko lake. Upepo wa mchana ukaja ukayang'oa yote yakaelea kwenda zake, na mara ya mwisho alipoyaona yalikuwa yanaelekea milima ya Upare, yanaingia Tanganyika bila kibali. Tryphena akayapungia mkono. Kesho yake akafikiri upya. Akakata matawi ya miiba, akayachomeka mchangani na majini mwanzo mwanzo, yameinama kidogo upande wa ziwa, yameshikana. Halafu akapanda matete mengine nyuma ya miiba, mahali maji yalipotulia. Yakakaa. Na mchanga uliokuwa unapeperushwa na upepo ukifika kwenye miiba ulikuwa unaanguka chini, kama mlevi aliyekuta ua. Nyuma ya hapo akatandaza ukoka, kamba kwa kamba, akaumwagia maji kwa karai.

Mbuzi wa mzee Kilonzo wakaja wakaula ukoka wote.

Kilonzo, baba yake Kituku, alikuwa jirani wa upande wa kulia, Mkamba mwenye mbuzi wengi na masikitiko mengi. Tryphena akamwendea.

"Baba Kituku, mbuzi wako wamekula ukoka wangu."

"Mbuzi hawana masikio, mama Josephat. Nikiwaambia hawasikii."

"Na wewe unayo?"

"Ninayo, lakini yamezeeka."

Tryphena akarudi nyumbani. Akawaza kitu ambacho mbuzi anakiheshimu bila kuambiwa, akaukumbuka mkonge. Nje ya mashamba ya mkonge yale machipukizi yasiyotakikana hutupwa marundo marundo, hayaulizwi. Akaenda akajitwika, akarudi akajitwika tena, akayapanda kwa mstari mmoja ulionyooka, toka kwenye kona ya jiko mpaka ukingoni mwa maji, na mwingine upande wa pili, na katikati ukoka mpya. Mbuzi wa kwanza aliyeleta pua alichomwa, akapiga kelele, akaenda kuwaambia wenzake.

Sasa hapo ndipo alipokosea, ikiwa ni kukosea. Huko kwetu mtu akipanda maua, ni maua. Akipanda mwembe, ni kivuli. Lakini akipanda mkonge kwa mstari, huo ni mpaka, na mpaka hauulizwi umepandwa kwa nini. Tangu lini mtu apande mkonge kwa sababu ya ukoka?

Mtu wa kwanza kuja alikuwa Mbithe, jirani wa upande wa kushoto, mwenye ulimi mwepesi na kikundi cha wanawake kumi na kitu wa kufanya kazi za mwethya, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Alikuja kuomba chumvi. Akapewa chumvi akabaki amesimama.

"Mama Josephat, naona umekata kiwanja."

"Sijakata kiwanja. Nashika mchanga."

"Unashika mchanga."

"Eeh. Ziwa linauchukua. Miiba inauzuia, matete yanapoza mawimbi, ukoka unaufunga, mkonge unazuia mbuzi."

Mbithe akacheka kwa pua. "Aiya. Sisi ni majirani, mama Josephat. Mimi nilikukanda mgongo ulipoumwa. Sasa unaniambia unashika mchanga."

"Nakuambia kweli."

"Mtoto wako wa reli anakuja na nyapara wa reli. Wananyoosha kamba. Wanasimamisha vijiti. Wanaita 'rudisha kidogo'. Wanaondoka. Wewe unapanda mpaka. Halafu ni mchanga." Akafunga chumvi yake kwenye pindo la leso. "Haya. Ushike vizuri."

Akaenda moja kwa moja kwa Kilonzo, akamwambia kwa siri, na kwa kuwa ilikuwa siri ilifika kila nyumba kabla ya ugali wa jioni. Reli inaleta njia mpaka ziwani. Stesheni itajengwa mchangani. Mwenye mpaka atalipwa, asiye na mpaka atapewa pole. Wengine wakasema si stesheni, ni hoteli ya wazungu wa kutazama viboko. Mzee Kilonzo akasema ni vyote viwili, na pale kwake ndipo choo cha abiria kitakapojengwa, kwa hiyo watu watafika tu hata wasipotaka.

Asubuhi kikundi cha Mbithe kilikuwa ufuoni kinaimba. Walishuka na majembe, mikonge vichwani, na kabla ya jua kukomaa mchanga wote wa upande wa Mbithe ulikuwa na mistari. Walipomaliza wakapumzika, Mbithe akachungulia kwa Tryphena.

"Yeye ameweka na miiba."

"Miiba ya nini?" mwenzake akauliza.

"Sijui. Lakini huyu ana mtu ndani ya reli. Kama miiba haitakiwi angeiweka?"

Wakaenda kukata miiba. Wakaona ya Tryphena imeinama, na yao wakaiinamisha. Wakaona matete, wakapanda matete, na Mbithe akaeleza kwamba hayo ni kuonyesha mpaka unaingia mpaka majini, ili hata samaki wake walipwe. Wakaona ukoka wakapanda ukoka, kwa kuwa serikali haiwezi kulipa shamba lisilo na mmea.

Kilonzo aliona anapitwa, akapanda mikonge safu tatu. Halafu usiku ule, au labda alfajiri, mbuzi wake mwenyewe wakaingia kwa kupitia nyumbani kwake wakala ukoka wake. Watu walisikia Kilonzo anawasema mbuzi wake kwa majina, mmoja mmoja, maneno mazito. Tangu siku hiyo mbuzi wa Kilonzo walifungwa kamba mlimani, na Kilonzo, mtu aliyekuwa hajawahi kuinama tangu amwoze binti yake, akawa anawakatia majani anawapelekea kichwani.

"Baba Kituku," Tryphena akamsalimu akipita na mzigo, "naona mbuzi wamepata masikio."

"Usinichekeshe, mama Josephat, nitaangusha."

Tryphena kila aliyemuuliza alimwambia ukweli, na kadiri alivyousema ndivyo watu walivyozidi kumwona mjanja. Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo mno, haukutosha kuelezea mikonge mingi hivyo. Akaacha kueleza. Akawa anafanya kazi yake tu, na lolote alilolifanya likafuatwa. Siku moja alifua leso yake akaianika juu ya miiba. Kesho yake ufuo mzima ulikuwa umeanikwa leso, nyekundu, njano, za maua, kama siku ya Krismasi. Kilonzo hakuwa na leso, mkewe alishamkatalia, akaanika suruali yake ya Jumapili. Ikakaa pale imetandaza miguu, inalinda choo cha abiria.

Masika yakaja. Mto Lumi ukateremsha maji, ziwa likavimba, upepo ukalisukuma. Tryphena alikuwa anasimama mlango wa jiko anatazama mawimbi yakija. Yalikuja na hasira, yakaingia kwenye miiba yakapasuka, yakaingia kwenye matete yakapungua, yakafika kwenye mchanga yamebaki povu, yakaulamba yakarudi. Miiba ikilegea aliichomeka tena. Na kwa sababu majirani walikuwa wanamtazama, kila alipochomeka mmoja, ufuo wote ulichomeka.

Hatari haikutoka ziwani, ilitoka kwa majirani. Masika yakielekea kwisha, Mbithe na Kilonzo waligundua kwamba mistari yao haielewani. Walikuwa wametenganishwa na nyumba ya Tryphena, lakini kila mmoja alikuwa akijisogeza kidogo kidogo kwa kupitia mbele yake, majimajini, mpaka mkonge wa Mbithe na mkonge wa Kilonzo ikakutana uso kwa uso mbele ya jiko la Tryphena. Siku hiyo watu waliitana majina ambayo sitayarudia. Kilonzo alimwambia Mbithe amekula mchanga wake. Mbithe alimwambia kama ni kula mchanga, yeye ana meno ya kuutafuna. Kesi ikapelekwa kwa hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali.

Hedimani Donald alikuwa mtu wa kanisa, mnene, mpole, mwenye mwavuli. Kitu alichokichukia kuliko dhambi ni kuamua, kwa sababu ukiamua, mmoja anakusalimia na mwingine anakununia, na yeye alipenda asalimiwe na wote. Alikuja na askari wake mmoja, akatembea ufuoni, akahesabu mistari akachoka, akasimama mbele ya jiko la Tryphena. Watu wote walikuwa pale.

"Nimetazama," akasema. "Hii mipaka imeleta ugomvi. Mahali palipo na ugomvi dawa ni kuondoa kinachogombewa. Ng'oeni yote. Mikonge, miiba, hayo majani ya kwenye maji, yote. Mchanga ubaki wa Mungu kama zamani."

Tryphena akapiga hesabu. Mchanga uwe wa Mungu kama zamani, na wiki mbili baadaye ni wa ziwa, na yeye yuko nyuma ya pazia la maua. Na siku yenyewe ilikuwa siku ya gari moshi. Josephat alikuwa njiani.

Lakini Tryphena aliwaacha kwanza wavutane. Alikuwa ameishi na mvuvi; alijua samaki havutwi wakati anavuta.

"Kilonzo ang'oe kwanza," Mbithe akasema.

"Ningeng'oa, lakini wanawake mbele," Kilonzo akasema. "Ni heshima."

"Askari," hedimani akasema, "ng'oa."

Askari akautazama mkonge, akatazama viganja vyake, akasema yeye aliajiriwa kwa mambo ya watu. Hedimani akatoa pumzi. Akampa mwavuli aushike, akaukunja mkono wa koti, akaushika mkonge mdogo wa Mbithe chini kabisa, akainama kuuvuta. Lile asiloliangalia ni kwamba mkonge wa Kilonzo ulikuwa nyuma yake, na umekomaa, na alipoinama aliukalia.

Hakupiga kelele, alikuwa mtu wa kanisa. Alisema tu, "Yesu," kwa sauti ndogo, akanyooka, akabaki amenyooka.

Watu wakatazama ziwani. Mtu hachekwi akiwa kazini.

Tryphena akaingia jikoni akatoka na kikombe cha chai yenye maziwa mengi. Akatoa na kigoda, lakini hedimani akakitazama kigoda akasema atakunywa wima.

"Hedimani," Tryphena akasema, akimpa kikombe, "mimi sina kesi na mtu. Nauliza kwa kutojua tu. Hii kesi umeshaimaliza?"

"Naimaliza hivi sasa, mama."

"Umeamua mchanga ni wa nani?"

Hedimani akapuliza chai. "Hapana. Hilo ni gumu kidogo."

"Basi kesi ikiwa haijaamuliwa, ushahidi huondolewa?"

Neno hilo likamkuta hedimani mahali pazuri. Alishahudhuria baraza la kesi Wundanyi, na pale alisikia mambo ya ushahidi siku nzima, akayapenda. Akashusha kikombe.

"Ushahidi hauguswi," akasema.

"Nilifikiri hivyo. Maana mikonge ikishang'olewa, siku mpimaji wa serikali akija, ikiwa atakuja, utamwonyesha nini? Atasema hedimani Donald ameharibu."

Hedimani akamgeukia askari wake, akageukia watu, na uso wake ukafunguka kama dirisha. Kwa maana alikuwa ameona njia ya kutoamua kabisa, na kusalimiwa na wote.

"Sikilizeni," akasema, na safari hii sauti ilifika mpaka kwa viboko. "Kesi imeahirishwa mpaka mpimaji aje. Hii yote ni ushahidi. Mkonge ni ushahidi, miiba ni ushahidi. Hayo matete ni ushahidi, asikate mtu hata moja la mkeka. Ukoka ni ushahidi. Mbuzi akila ushahidi, mwenye mbuzi atajibu. Na mkonge ukifa, mwenyewe apande mwingine palepale, tusije tukampoteza mpimaji."

"Na mpimaji anakuja lini?" Kilonzo akauliza.

"Serikali haiulizwi."

Katika hayo ndipo Josephat alipotokea barabarani, kaptula imepigwa pasi, na kamba mbili mpya begani za kufungia mizigo ya mama. Watu wakamzunguka.

"Huyu hapa mtu wa reli," Mbithe akasema. "Baba, sema mbele ya hedimani. Stesheni itakaa wapi?"

"Stesheni gani?"

Mbithe akawageukia wenzake. "Mmesikia? Amekatazwa kusema."

"Mimi sijui stesheni yoyote," Josephat akasema.

"Ameapishwa," Kilonzo akasema kwa huruma. "Mwacheni. Atafukuzwa kazi."

Josephat akatoka mikononi mwao akazunguka nyuma ya jiko. Alikuwa amejiandaa kwa maji. Akatafuta maji akayaona mbali, nyuma ya matete, nyuma ya miiba, nyuma ya suruali ya mtu. Mbele yake palikuwa na mchanga umeinuka mgongo, ukoka umetambaa juu yake kijani, na kuku wa mama yake wanaparua pale juu, hata mmoja hakulowa. Akausukuma mchanga kwa ncha ya kiatu. Haukusogea, ukoka uliushikilia.

"Mama, huu mchanga umetoka wapi?"

"Hapohapo. Ulikuwa unapita, nikaukaribisha."

"Na ukuta wa Owino?"

"Kiboko aliusoma akaumaliza. Msalimie Owino, mwambie ziwa letu halijasikia Kijaluo."

Josephat akakaa chini kwenye mchanga. Akawa anapimapima kwa macho toka majini mpaka jikoni na kurudi, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu aliyoifanya mwenyewe. Tryphena hakumharakisha. Akasonga ugali wake, akaupakua, akaita, na Josephat akaja akala. Walizungumza habari za watoto, na bei ya mahindi Voi, na jino la Mable lililong'olewa. Habari ya kuhama hakuileta, wala kwa salamu. Kamba zake mpya alizisahau chini ya kitanda na mama yake hakumkumbusha, maana Kilonzo alikuwa ameshauliza kama zinauzwa, za kufungia mbuzi.

Asubuhi akaaga. Akashika njia ya mkato kupitia ufuoni kwenda barabara kuu, na kabla hajafika mbali Mbithe akatoka nyumbani kwake na ufagio.

"Wewe mtoto wa reli, toa kiatu hapo. Unakanyaga ushahidi."

Josephat akainua mguu mmoja, akatafuta mahali pa kuuweka, hapakuwepo. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwa mama yake, ambaye alikuwa amesimama pale mwiko mkononi anamtazama.

"Pita barabarani, mwanangu," akamwambia. "Na Desemba uje na Mable na watoto. Mwambie Mable aje kupumzika."